Uasi wa India wa Mwaka 1857 Ulianzia Shambani

Kila unapotajwa uasi wa India wa mwaka 1857 dhidi ya utawala wa Waingereza, maelezo huishia kwenye risasi za bunduki ya Enfield, ambazo karatasi zake zilipaswa kung'atwa kwa meno na zilisemekana zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, najisi kwa Wahindu na kwa Waislamu vilevile. Hasira hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, tukiishia hapo tunawavunjia heshima watu waliokuwa na madai mazito kuliko hayo.

Askari wengi wa jeshi la Bengal, mojawapo ya majeshi matatu ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, walikuwa Wahindi, wana wa wakulima wa Awadh, ufalme wa kaskazini mwa India. Mwaka 1856 Gavana Mkuu Dalhousie aliitwaa nchi hiyo kwa niaba ya Kampuni ya India Mashariki na kumwondoa mtawala wake, Nawabu Wajid Ali Shah. Kisha yakafuata makadirio mapya ya kodi ya ardhi, ambayo yaliwapokonya makabaila vijiji vingi bila kumpunguzia mkulima mzigo wake. Malalamiko ya kijijini yakamkuta askari kambini akiwa tayari na yake.

Tarehe 9 Mei 1857, mjini Meerut, askari 85 wa kikosi cha farasi waliozikataa risasi hizo walivuliwa sare mbele ya wenzao na kutiwa pingu miguuni, mmoja baada ya mwingine, huku wakiwalaumu wenzao kwa kunyamaza. Kesho yake wenzao walivunja gereza wakawatoa, wakaua maofisa, na asubuhi ya tarehe 11 wakaingia Delhi kumtaka mfalme mzee wa Wamughal, Bahadur Shah Zafar, awaongoze.

Kilichofuata hakikuwa cha kambini pekee. Vijijini watu walichoma daftari za wakopeshaji pamoja na kumbukumbu za kodi; mtu anayechoma daftari la deni anajua vizuri kinachomwumiza. Lucknow, mji mkuu wa Awadh, ilisimama na Begum Hazrat Mahal, Jhansi na malkia wake, Rani Lakshmibai, na huko Bihar mzee Kunwar Singh, aliyekaribia miaka 80, alipanda farasi kwenda vitani. Damu ya wasio na hatia ilimwagika pande zote: wanawake na watoto wa Kiingereza waliuawa Kanpur, nao Waingereza walilipiza kwa kunyonga watu ovyo na kuwalipua wafungwa kwa mizinga.

Waasi walikosa uongozi mmoja, na majeshi mengine mawili ya Kampuni, ya Madras na Bombay, kwa sehemu kubwa hayakuwafuata. Delhi ilianguka Septemba 1857, Lucknow Machi 1858, na Lakshmibai akauawa vitani Juni mwaka huohuo.

Ushahidi wangu mkubwa ni yale waliyoyafanya washindi wenyewe. Kampuni iliondolewa madarakani, Malkia Victoria akaahidi kutoingilia dini, na makabaila wa Awadh waliosalimu amri wakarudishiwa ardhi yao. Waingereza walijua fika moto ulianzia wapi, ila waliamua kuuzima kwa kuwaridhisha wakubwa, na mkulima akaachwa akiendelea kulipa.