Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika: Je, Ipewe Miji Maalumu?

Tarehe 30 Mei 2022, Al Ahly ya Misri iliingia katika Uwanja wa Mohammed V, mjini Casablanca, kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad, klabu ambayo uwanja huo ndio nyumbani kwake. Kanuni za wakati huo zilitaka fainali iwe ya mchezo mmoja, na mji mwenyeji ulitangazwa wiki tatu tu kabla, wakati mechi za mkondo wa kwanza wa nusu fainali zilikuwa zimekwisha kuchezwa na dalili za nani angefika fainali zilikuwa wazi. Al Ahly walilalamika, wakaomba uwanja usio wa upande wowote, wakafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), na ombi lao la kusimamisha mchezo likakataliwa. Wydad wakashinda 2-0. Msimu uliofuata Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likarejesha mikondo miwili, nyumbani na ugenini, na mjadala ukaonekana kufungwa.

Kwa maoni yangu ulifungwa mapema mno. Kilichoshindwa Casablanca ni namna ya kumpata mwenyeji, na wazo la kuwa na fainali moja katika mji unaojulikana mapema halijawahi kujaribiwa ipasavyo barani kwetu.

Inafaa kukumbuka tulivyofika pale. Katika fainali ya 2019 mkondo wa pili ulichezwa Radès, Tunisia, kati ya Espérance na Wydad. Bao la kusawazisha la Wydad lilikataliwa, mfumo wa VAR, unaomwezesha mwamuzi kuangalia tukio kwa video, ulikuwa haufanyi kazi, wachezaji wa Wydad wakagoma kuendelea, na ubingwa ukaishia kuamuliwa na kamati na mahakama. Julai mwaka huohuo CAF ikaamua kwamba fainali itakuwa mchezo mmoja. Ya kwanza ilipangwa Douala, lakini janga la korona likaihamishia Cairo, ambako kwa bahati timu zote mbili, Al Ahly na Zamalek, zilikuwa za mji huohuo. Ya mwaka 2021 ikapelekwa Casablanca, na hapo hatari ilionekana waziwazi kwa aliyetaka kuiona: Wydad walikuwa nusu fainali, na waliondolewa na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini kwa jumla ya bao moja kwa bila. Bao hilo moja ndilo lililoiepusha CAF na malalamiko ambayo yangekuja mwaka mmoja kabla ya yale ya Al Ahly. Badala ya kurekebisha kanuni, mwaka 2022 CAF ilisubiri maombi ya wenyeji, Senegal ikajitoa, Moroko ikabaki peke yake, na mechi ikarudi palepale.

Wanaotaka miji maalumu wana hoja yenye uzito. Mji unaojua kwamba zamu yake ni miaka mitatu ijayo hupata muda wa kutengeneza nyasi, kufundisha walinzi wa mageti, kupanga usafiri na kuuza tiketi kwa utulivu. Mji unaorudiwa hujifunza. Wembley imekwisha kuandaa fainali nane za klabu bingwa za Ulaya, na katika Afrika tumeona mfano kwenye mpira wa kikapu, ambapo Kigali iliandaa fainali za Basketball Africa League tangu mashindano yalipoanza 2021 hadi 2024, kabla hazijaenda Pretoria mwaka 2025. Kuna pia suala la haki mchezoni. Mikondo miwili nayo ina kasoro zake: mwaka 2023 Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mashindano ya pili kwa hadhi ya klabu za Afrika, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini jumla zikilingana. Katika mchezo mmoja, matokeo yakiwa sare, timu huendelea kupambana uwanjani mpaka mshindi apatikane.

Lakini ni miji ipi? Hapa ndipo wengi wanaotetea wazo hili huenda haraka mno. Ukipanga kwa ukubwa wa viwanja, hoteli na safari za ndege, jina la kwanza ni Cairo. Ukipanga kwa kutopendelea upande, Cairo inakuwa ya mwisho kabisa: kuanzia 2020 hadi 2025 hakukuwa na fainali hata moja ya Ligi ya Mabingwa isiyokuwa na klabu ya Cairo, kwanza Al Ahly kwa miaka mitano mfululizo, kisha Pyramids mwaka 2025. Casablanca ina tatizo lilelile kwa kiasi fulani, kwa kuwa Wydad na Raja ni wa hapo. Ulaya haisumbuliwi sana na jambo hili kwa sababu klabu zake kubwa zimetawanyika katika miji mingi, ilhali kwetu nguvu ya klabu na ubora wa viwanja vimekaa sehemu moja. Hata Amerika Kusini hawakulikwepa: fainali ya Copa Libertadores, ubingwa wa klabu wa huko, ya 2023 ilikuwa imepangiwa Maracanã, Fluminense wakafika, wakatwaa kombe nyumbani kwao.

Kwa hiyo kigezo ambacho ningekitanguliza ni kile ambacho hakikutumika: mji wenye uwanja mkubwa ambao klabu zake hazifiki fainali mara kwa mara. Abidjan ina uwanja wa Ebimpé wenye nafasi 60,000, uliobeba fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) Februari 2024, na klabu yake kubwa, ASEC Mimosas, walitwaa ubingwa wa Afrika mara ya mwisho mwaka 1998. Dakar ina uwanja mpya wa Diamniadio wenye nafasi 50,000. Kigali ina Amahoro, uliopanuliwa hadi watu 45,000 na kufunguliwa upya mwaka 2024, na zaidi ya hayo Rwanda ilitangaza mwaka 2023 kuondoa viza kwa Waafrika wote. Jambo hilo la viza nalihesabu kuwa zito kuliko idadi ya viti. Johannesburg ingefaa kwa uwanja na viwanja vya ndege, ila Pretoria ya Mamelodi Sundowns iko jirani mno kuwa ya haki kila mwaka. Pamoja na hayo ingehitajika kanuni moja isiyojadiliwa, kwamba siku mwenyeji anapotangazwa atangazwe na mji wa akiba, na klabu ya mji mwenyeji ikifika fainali mechi ihamie huko bila kikao chochote.

Upande wa pili unaanzia kwa shabiki, na mimi siwezi kuupita kwa haraka kwa sababu nimetoka katika nchi ambayo fainali hizi ni adimu. Mwaka 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uyo, Nigeria, kati ya RS Berkane ya Moroko na Orlando Pirates ya Soweto. Shabiki wa kawaida wa Soweto angefikaje Uyo? Angeunganisha ndege, angelipia viza na hoteli, angeomba ruhusa kazini kwa siku kadhaa, yote kwa mchezo mmoja wa dakika tisini. Mwenye uwezo huo ni mmoja kati ya maelfu. Mikondo miwili humletea fainali mlangoni yule anayekaa mzunguko, kwenye viti vya bei nafuu, anayenunua jezi na kulipa kiingilio msimu mzima, na huiachia klabu mapato ya mlangoni ambayo kwa klabu zetu nyingi si kitu cha kudharau. Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan, walipoteza 2-0 Dar es Salaam, na bado mchezo ule unasimuliwa na watu waliokuwapo uwanjani. Je, ungesimuliwa na nani kama ungechezwa Cairo?

Hata hivyo, mapenzi hayo ya nyumbani yana gharama zake. Siku ileile ya Mei 2023 ambayo Yanga walicheza na USM Alger, mtu mmoja alifariki katika msongamano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa na wengine wengi waliumia. Wala kuwa na uzoefu hakutoshi peke yake: Stade de France, karibu na Paris, ilikuwa imekwisha kuandaa fainali mbili za klabu bingwa Ulaya ilipofika 2022, na bado mashabiki wa Liverpool walikwama kwenye mageti na kupuliziwa gesi ya machozi.

Nikipima yote, ningeacha mikondo miwili kwa Kombe la Shirikisho, ambako klabu ndogo na mpya hupata usiku wao mkubwa, na ningerudisha mchezo mmoja kwenye Ligi ya Mabingwa, kwa zamu ya miji minne au mitano inayotangazwa miaka mitatu mapema, na kwa sharti kwamba nchi mwenyeji itoe viza bure kwa kila mwenye tiketi. Bila sharti hilo la viza ningepiga kura ya hapana, kwa sababu tungekuwa tunajenga fainali ya wageni waalikwa.

Dar es Salaam ingetaka nafasi katika zamu hiyo, na kwa wingi wa watu na mapenzi ya mpira inastahili kuiomba. Uwanja wa Mkapa una nafasi 60,000, na msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" umekwisha kuvuka mipaka. Lakini Mei 2025, Simba walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane, eneo la kuchezea la Mkapa halikukubaliwa na CAF, na mchezo ukavushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu takriban 15,000.