Sitaki Kuwa Mzigo: Falsafa Ninayoisikia Leipzig na Hekima Niliyofundishwa Machame

Katika kazi yangu ya kutunza wazee huku Leipzig, Ujerumani, hakuna neno ninalolisikia mara nyingi kuliko hili: sitaki kuwa mzigo kwa mtu yeyote. Analisema mwalimu mstaafu, analisema fundi wa zamani wa reli, analisema mama aliyebatizwa na kulelewa kanisani, na analisema yule ambaye tangu utoto wake katika ile Ujerumani Mashariki hajawahi kuhudhuria ibada hata moja. Wanalisema wakiwa wamenyoosha shingo, kama mtu anayetaja cheo chake. Nimelipima neno hilo kwa Maandiko kwa muda mrefu, na leo naandika ninachoamini. Hiyo ndiyo falsafa ya huku ikifupishwa, na mimi kama Mkristo siwezi kuiita hekima.

Kwanza niwape haki yao. Tangu mwaka 1995 nchi hii ina bima ya kumtunza mtu asiyejiweza, na kila mfanyakazi anakatwa mshahara kwa ajili yake. Mgonjwa hupimwa na kupangiwa daraja, kuanzia la kwanza hadi la tano, na kwa daraja hilo hupata kitanda cha kuinuka na kushuka, godoro la hewa la kuzuia vidonda vya mgongo, na mtu wa kumwogesha. Shangazi yangu alipopooza kule Machame, nyumbani kwetu Kilimanjaro, alilala kwenye godoro la sponji, na vidonda vilimtesa kuliko kiharusi chenyewe. Kwa hiyo asije mtu kuniambia Ulaya hakuna utu. Upo, umeandikwa kwenye sheria, na fedha zake zinalipwa.

Ila mtu anayelala kwenye kitanda hicho kizuri anaona aibu kuwa hapo. Aibu hiyo haikutoka hewani. Ina mafundisho nyuma yake, na baadhi ya waliofundisha walipita katika mitaa hii ninayopita kwenda kazini.

Friedrich Nietzsche alisoma chuo kikuu hapa Leipzig kuanzia 1865. Alizaliwa mwaka 1844 katika kijiji cha Röcken, si mbali na mji huu, katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Baba yake alikuwa mchungaji, na babu zake wa pande zote mbili pia. Kijana huyo akaja kuwa adui mkubwa wa imani ya nyumbani kwake. Alifundisha kwamba huruma ni udhaifu, kwamba Ukristo ni dini ya watumwa inayowabembeleza wanyonge na kuwazuia wenye nguvu. Mwaka 1888 akaandika, katika maneno aliyoyaelekeza kwa madaktari, kwamba mgonjwa ni kupe anayeinyonya jamii, na kwamba ikifika hali fulani ni aibu kuendelea kuishi.

Mwanzoni mwa Januari 1889 alianguka barabarani mjini Turin na akili yake haikurudi tena. Aliishi miaka kumi na moja zaidi katika hali ileile aliyosema ni aibu. Na ni nani aliyemtunza? Mama yake, Franziska, mjane wa mchungaji. Alimchukua nyumbani kwake Naumburg mwaka 1890, akamlisha, akamwogesha, akamtembeza kwa kumshika mkono, mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1897. Baada yake dada mtu akamhamishia Weimar, na huko ndiko alikofia mwaka 1900. Kaburi lake liko Röcken, ubavuni mwa kanisa alilohudumu baba yake.

Sisimulii haya kwa kumcheka mgonjwa. Mungu anisamehe nikifanya hivyo, kwa sababu watu wa hali yake ndio ninaowashika mikono kila siku. Nasimulia kwa sababu naona mafundisho mawili ndani ya nyumba moja. Mtoto alikuwa na akili ya kutikisa Ulaya nzima. Mama hakuandika kitabu cha falsafa. Lakini mtoto alipokuwa hawezi tena kufikiri, falsafa yake haikuwa na neno la kumwambia ila kwamba muda wake wa kuondoka umepita. Mama alikuwa na neno: "Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." Ni Wagalatia 6:2. Na alilitenda kwa miaka saba.

Mawazo yakiachwa yatembee, hufika mahali. Mwaka 1920, hapahapa Leipzig, kilichapishwa kijitabu cha wasomi wawili, Karl Binding, aliyekuwa profesa wa sheria katika chuo kikuu cha mji huu, na Alfred Hoche, daktari wa magonjwa ya akili. Walitetea kwamba kuna maisha yasiyostahili kuishi, na kwamba sheria iruhusu kuyamaliza. Miaka ishirini baadaye serikali ya Hitler ilikuwa inawasomba wagonjwa wa akili na walemavu kwa mabasi. Pirna-Sonnenstein, katika jimbo hilihili la Saksonia, waliuawa kwa gesi zaidi ya watu elfu kumi na tatu katika miaka ya 1940 na 1941. Siwezi kusema Nietzsche aliwaua, wala siwezi kusema kanisa lilikuwa safi, maana wengi walinyamaza na wengine walishirikiana. Nasema tu kwamba wasomi walianza kuuliza thamani ya mtu asiyejiweza kwa kalamu, na jibu likaja kwa mabasi.

Wajerumani wa leo wanaijua historia hiyo kuliko sisi, na wanaiogopa kwa dhati. Katiba yao ya 1949 inaanza kwa kutaja wajibu wao mbele za Mungu na wanadamu, kisha kifungu cha kwanza kinasema utu wa mwanadamu haukiukwi. Naipenda katiba hiyo. Lakini tarehe 26 Februari 2020 Mahakama ya Katiba, ikitumia utu huohuo, iliamua kwamba kila mtu ana haki ya kujiamulia kifo chake na kutafuta msaada wa kufanya hivyo, katika hatua yoyote ya maisha, awe mgonjwa sana au la. Bungeni mwaka 2023 waliletewa miswada miwili ya kuweka utaratibu, yote ikakataliwa.

Nimewasikiliza wanaoutetea uamuzi huo. Si watu wabaya. Wanasema utu wa mtu ni uhuru wake wa kuamua. Mimi nauliza: na yule ambaye hawezi tena kuamua? Yule anayenitazama asubuhi na kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa vitani? Kama utu uko kwenye kuamua, basi wake umeondoka na kumwacha kitandani. Biblia inauweka utu mahali ambapo ugonjwa haufiki. Mwanzo 1:27 inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na haikuongeza sharti la akili timamu. Bwana Yesu alimwambia Petro wazi katika Yohana 21 kwamba akiwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini atakapozeeka atanyosha mikono, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Kisha akamwambia, nifuate. Hakumwambia kwamba siku hiyo utume wake utakuwa umekwisha.

Siku hizi vijana wengi wa huku, na naona hata Dar es Salaam na Nairobi, wanawapenda Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Wana mengi mazuri: kujitawala, kutolalamika, kuvumilia usichoweza kukibadilisha. Mwenye kusoma Mithali atakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini Seneka wa Roma, aliyeishi zama moja na mtume Paulo, aliandika katika barua zake kwamba uzee ukianza kuitikisa akili yake, ataondoka kama mtu atokavyo kwenye jengo linaloporomoka. Hapo ndipo njia zinapoachana. Paulo alikutana na Wastoa na Waepikureo kule Athene, Matendo 17, na hakuwatukana. Aliwanukulia washairi wao wenyewe. Walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, ndipo wengine wakamdhihaki. Kwao mwili ni kitu cha kuacha nyuma. Kwetu mwili huu uliokunjamana, unaotetemeka, usioweza kuzuia haja, ndio utakaofufuliwa. Mimi nikimwogesha mzee wa miaka tisini naosha kitu ambacho Mungu hajamaliza nacho. Bila ufufuo, kazi yangu ni kusafisha kinachooza, na nisingeweza kuifanya miaka yote hii kwa mshahara wowote.

Sasa nigeuke nyumbani, kwa sababu najua kuna mtu kule Hai, wilaya yetu, anasoma na kusema, afadhali sisi. Kwetu Wachagga mtoto wa mwisho hubaki kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, pamoja na wazazi, Desemba wote tunapanda kwenda kuhesabiwa, mzee anapelekewa mtori, ile supu yetu ya ndizi, na makaburi yapo kwenye migomba palepale. Ni urithi mzuri na ninaulilia nikiwa mbali. Lakini mtume alipowaonya Wakolosai kuhusu elimu ya bure, yaani falsafa tupu ya madanganyo, alitaja pia mapokeo ya wanadamu. Falsafa ya wanadamu haiishi Ulaya peke yake wala haihitaji chuo kikuu. Usukumani bibi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi wa kupikia. Hayo nayo ni mawazo ya watu juu ya mzee asiye na faida, na waliouawa hawakusaidiwa na sifa zetu za kuheshimu wakubwa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kwa sababu limevaa nguo za imani. Mtoto aliye mjini anapeleka mshahara wake kwa mtumishi anayemwahidi kwamba akipanda mbegu atavuna gari, wakati mama yake kijijini anakunywa dawa ya presha siku moja na kuruka siku mbili ili ifike mwisho wa mwezi. Yesu alishalisema hili katika Marko 7. Waliowanyima wazazi wao kwa kusema mali hii ni Korbani, imetolewa wakfu kwa Mungu, aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kwa nini wahubiri wetu hawaigusi sura hiyo? Mimi naamini ni kwa sababu ingewapunguzia sadaka.

Tena hata kile kihamba tunachojivunia kinabadilika. Mtoto wa mwisho naye yuko Arusha, au yuko Dar, au kama mimi yuko Ulaya anaogesha wazazi wa wengine. Nyumba ni ya matofali, ina bati jipya na vigae tulivyotuma fedha tukajenga, na ndani yuko mzee mmoja na msichana wa kazi wa miaka kumi na sita. Simu ikilia anasema hajambo. Hasemi kwamba hajatoka kitandani tangu jana, kwa sababu naye ameanza kujifunza lile neno la Leipzig. Hataki kutusumbua. Nimelisikia kwa masikio yangu, kwa Kichagga, na nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtuka huku. Zaburi ya 71 inamfundisha mzee kusema kinyume chake: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Ni sala ya mtu asiyeona aibu kuhitaji.

Mwaka 1893 wamisionari wa shirika la Leipzig walifika Kilimanjaro na Injili, na usharika wetu ni tunda lake. Leo katika mji uliowatuma, wengi hawana dini kabisa. Sitaki turithi kutoka kwao neno lile na kuwaachia wao godoro la hewa. Nataka tuchukue godoro, na tuwarudishie Injili waliyotuletea.

Kwa hiyo nikipanda Desemba hii nimeomba nafasi kwa wazee wa kanisa. Ninachopendekeza hakihitaji wafadhili. Kila jumuiya iandike majina ya wazee wanaoishi peke yao katika eneo lake, na ipange zamu za kuwatembelea, wawili wawili, katikati ya wiki na si Jumapili tu mchungaji anapopeleka Chakula cha Bwana. Waende na mtori, waende na masikio, wamgeuze aliyelala upande mmoja. Mimi nitafundisha kwa mikono namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wako, namna ya kuangalia ngozi kwenye visigino na makalio kabla kidonda hakijafunguka, na namna ya kumlisha anayepaliwa. Vijana wa kipaimara waje pia, wavulana kwa wasichana. Walio nje kama mimi, tuchangie magodoro, na tuanze na wale ambao watoto wao hawapigi simu.