Lise Yetu Itengenezwe Pale Ilipo

Mimi ni mzazi katika lise, yaani shule ya sekondari, ya Kikatoliki iliyo kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, na msimamo wangu nautoa mapema: shule isihamishwe. Itengenezwe pale ilipo. Ikiwa udongo wake utapimwa na kuonekana haufai tena, basi itafutiwe mahali ambapo mtoto wa mitaa yetu ya Cimpunda au Nyamugo anafika kwa miguu. Mpango wa kwenda kujenga upya kwenye barabara ya Kavumu, nje ya mji upande wa kaskazini, ambao wengi waliupigia makofi katika mkutano wa wazazi, utatupatia majengo mazuri na kutupotezea nusu ya wanafunzi.

Wanaotaka kuhama wana hofu ya kweli, na siidharau. Nyufa zipo, tunaziona kila tukienda kuchukua buletini za watoto, zile ripoti za alama zao. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mji huu, likaua watu hapa na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, likapasua nyumba nyingi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, madarasa yalikuwa matupu. Nani kati yetu hajawahi kujiuliza ingekuwaje kama ingekuwa Jumatatu? Na kuna Funu, hapa hapa Kadutu, ambako wanajiolojia wamepima mteremko na kuona kwamba unashuka polepole na nyumba za watu zikiwa juu yake.

Lakini hofu hiyo haitupeleki Kavumu. Tetemeko la 2008 kitovu chake kilikuwa kaskazini ya Bukavu, upande ule ule tunaoambiwa tukimbilie. Bonde la ufa ni moja, kutoka hapa hadi Goma na kuendelea. Jengo jipya lisilofungwa vizuri kwa nondo na zege litaanguka kule kama la zamani litakavyoanguka hapa.

Kinachotofautiana kutoka mahali hadi mahali ni udongo na maji, na juu ya haya mawili hakuna aliyetuletea karatasi yoyote. Ufa unaweza kutokana na ardhi inayotembea. Unaweza pia kutokana na paa lisilo na mifereji, linalomwaga maji ya Septemba hadi Mei miguuni mwa ukuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka msingi unalainika. Ugonjwa wa kwanza unaweza kutulazimisha kuhama. Wa pili unatibiwa kwa manjanja (mabati) mapya, mifereji ya paa, na kanivo, yaani mtaro wa zege unaopeleka maji hadi chini bila kuyamwaga kwenye parsele ya jirani. Kutambua ni upi hakuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Fundi anapaka sementi kidogo juu ya ufa, anaandika tarehe, anarudi kila mwezi kutazama kama imepasuka. Kwa yale yanayozidi fundi, Universite Rasmi ya Bukavu ina wanajiolojia wanaoijua miteremko hii, na kituo cha utafiti cha Lwiro kinafuatilia matetemeko ya eneo letu. Wale wa universite wako karibu na sisi kuliko kiwanja tunachotaka kununua.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Elimu ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 iliishia shule ya msingi. Sisi wa sekondari tunaendelea kulipa, na katika lise yetu wako akina mama wa soko la Kadutu wanaolipa minervale, yaani karo, vipande vipande, leo kidogo, wiki ijayo kidogo, wakimwomba Mama Prefe, mkuu wa shule, asimfukuze mtoto. Hawa wanamudu kwa sababu mtoto anatembea. Anashuka asubuhi na wenzake, anarudi saa saba, anampokea mama yake kwenye meza ya sokoni au anachota maji. Mwongezee mzazi huyo nauli ya moto (pikipiki) au ya basi kwenda na kurudi kila siku ya shule, halafu mwulize atamsomesha nani kati ya watoto wake watatu. Sote tunalijua jibu, na tunajua kwamba mara nyingi msichana ndiye anayeambiwa angoje kwanza. Na hii ni shule ya wasichana.

Wengine wanajibu kwamba huko kutakuwa na bweni. Bweni linalipiwa chakula, kitanda na godoro. Atakayeshindwa nauli atalipaje hayo? Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na mabenki yakafunga milango, hata mzazi aliyekuwa na akiba ameona jinsi ilivyo vigumu kuishika mkononi. Sioni mtu mwenye busara akianzisha ujenzi mkubwa katika hali hii kwa kutegemea michango yetu.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kuuza parsele ya shule, yaani kiwanja chake, ili kujenga Kavumu. Iko ndani ya mji, na Bukavu ina njaa ya ardhi. Tumeona viwanja vya umma na vya shule vikikatwakatwa, uwanja wa mpira ukawa safu ya maduka. Simtuhumu padri wala sista yeyote. Nasema tu kwamba gharama za Kavumu zinategemea bei ya ardhi hii, na ardhi ikishauzwa hairudi. Watoto wa Kadutu hawatapata tena eneo kubwa namna ile karibu na nyumbani kwao.

Shule ya konvansione, yaani ya serikali inayosimamiwa na Kanisa kwa mkataba, si ya dayosisi peke yake. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ulilirudishia Kanisa usimamizi wa shule baada ya Mobutu kuzitaifisha mwaka 1974, serikali ikibaki na wajibu wa mishahara. Katikati yao wamesimama wazazi, ambao kwa miaka wamelipa prime, ile nyongeza ya mshahara ya walimu, wamenunua madawati, wamejenga vyumba viwili vya juu kwa mchango wao. Kwa hiyo tuna haki ya kuulizwa, na kuulizwa kwa kweli, si kuletewa uamuzi uliokwisha kutiwa sahihi.

Kazi yenyewe inawezekana kwa hatua. Kiangazi chetu kinaangukia likizo: Julai na Agosti mvua imekatika na madarasa ni matupu. Mwaka wa kwanza yatengenezwe maji tu, paa na kanivo. Mwaka wa pili jengo la chini, lile lenye nyufa mbaya, livuliwe vigae vizito, lifungwe mkanda wa zege juu ya kuta zote, kisha liezekwe manjanja. Wanafunzi wa jengo hilo wasome zamu ya mchana ikiwa kazi itapita likizo, jinsi shule nyingi hapa mjini zinavyofanya kwa kukosa nafasi. Wajesuiti walifungua koleji yao hapa Bukavu mwaka 1938, ile tunayoiita leo Alfajiri, na bado inasomesha. Umri wa shule peke yake si sababu ya kuihama.

Naomba kamati ya wazazi iitishe mkutano mwingine kabla ya Juni. Wanajiolojia waje, wasome ripoti yao kwa Kiswahili mbele ya watu wote, na akina mama wa sokoni wapewe saa inayowafaa wao, jioni baada ya soko, ili nao wapige kura.