Dawa ya jichoni ikiisha: kupandikiza upya au kusubiri?

Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha Vitrasert, kidonge chenye miligramu 4.5 za gansiklovia, dawa ya kuzuia virusi, ambacho kilikuwa kikishonewa ndani ya jicho na kuachia dawa kidogo kidogo, takriban mikrogramu moja kwa saa. Walengwa walikuwa wagonjwa wa UKIMWI ambao retina zao, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zilikuwa zinaharibiwa na virusi vya saitomegalo. Hadi hapo tegemeo lao kubwa lilikuwa dripu ya kila siku. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa kwa wenye kipandikizi hicho ugonjwa ulitulia kwa wastani wa siku 221 kabla ya kusonga tena. Kwa waliotibiwa kwa dripu, siku 71 tu.

Lakini dawa ile iliisha baada ya miezi mitano hadi minane, na hapo ndipo madaktari walipogawanyika.

Waliotaka kibadilishwe mapema, kabla virusi havijaamka, walikuwa na hoja nzito: retina iliyokufa hairudi. Tena kidonda kikianzia pembezoni, mgonjwa anaweza asihisi lolote mpaka kikaribie katikati, panapotumika kusomea na kutambua sura za watu.

Upande wa pili ulitazama kisu. Kila ubadilishaji ulikuwa upasuaji kamili: weupe wa jicho unachanwa tena, milimita nne hivi nyuma ya konea (kioo cha mbele cha jicho), ute wa ndani unaguswa, kisha nyuzi. Damu inaweza kuvuja ndani, vijidudu vikaingia, au retina ikabanduka, nayo ilishakuwa nyembamba kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Hata kidonge kitupu kilizua ubishi: kitolewe kupitia jeraha la zamani, au kiachwe na kipya kiwekwe pengine? Kama hakimsumbui mgonjwa, mimi ningekiacha. Kuking'oa kwenye kovu ni kuvuta ute ulioshikamana na retina.

Kilichobadilisha hesabu ni ARV. CD4, chembe za kinga ya mwili, zikipanda juu ya 100 kwa kila mikrolita ya damu na kubaki huko miezi mitatu hadi sita, kidonda kikiwa kimetulia, dawa ya jicho inaweza kusitishwa chini ya uangalizi. Kumpasua mtu wa namna hiyo eti kwa sababu miezi minane imetimia ni kumtia hatarini bure. Ila kwa ambaye ARV zimegoma, kusubiri ni kumwacha apofuke.

Na kipandikizi kililinda jicho moja tu. Jicho la pili na mwili mzima vilihitaji dawa nyingine. Vidonge vya valgansiklovia, vilivyoidhinishwa 2001, vinafika kote, ingawa vinaweza kushusha chembe za damu.

Leo Vitrasert haitengenezwi tena. Panapokosekana vidonge, kwa sababu ya bei au ugavi, wapo wanaochomwa gansiklovia jichoni kila wiki, na swali la lini kuacha limebaki palepale. Jibu lake naliona kwenye kipimo cha CD4 na kwenye retina yenyewe, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa na macho yote mawili yakikaguliwa, hata lile ambalo mgonjwa halilalamikii.