Fononi katika oksidi za shaba: jalada lililofungwa mapema

Georg Bednorz na Alex Müller hawakubahatisha mwaka 1986, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, walipokuta oksidi ya lantani, bariamu na shaba ikianza kupoteza ukinzani wa umeme kwenye kelvini 30 na kitu. Müller alikuwa akisaka madini ambamo elektroni huzisogeza atomi zinazoizunguka, kisha ikauburuta mpindo huo kila iendako. Wazo hilo lililozaa ugunduzi ndilo lililotupwa kwanza.

Lilitupwa kwa hesabu moja. Katika metali za kawaida, mitikisiko ya atomi, yaani fononi, ndiyo inayofunga elektroni mbili mbili, na jozi hizo hupita bila ukinzani. Atomi nzito hutikisika polepole, kwa hiyo jotoridi ambalo ukinzani hutoweka hushuka kufuata kipeuo cha pili cha uzito. Katika oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, jotoridi hilo hufikia kelvini 92. Kama oksijeni ingebeba kazi yote, kuweka oksijeni 18, iliyo nzito zaidi, mahali pa oksijeni 16 ya kawaida kungelishusha kwa kelvini 5 hivi. Waliopima mwaka 1987 walikuta limeshuka kwa chini ya kelvini 1. Wengi wakageukia usumaku wa elektroni kama kifungo cha jozi.

Lakini kipimo hicho kilifanywa oksidi ikiwa kileleni, yaani jotoridi hilo likiwa la juu kabisa. Ukipunguza matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, athari ya uzito wa oksijeni hupanda. Katika oksidi ya lantani, strontiamu na shaba, karibu na tundu moja kwa kila atomi nane za shaba, inapita hata ile ya nadharia ya kawaida ya fononi. Asiyehusika haachi alama kubwa hivyo! Ni kweli, hapo matundu hujipanga mistari inayoshindana na upitishaji usio na ukinzani, na huenda sehemu ya athari inatoka huko. Hata hivyo mistari hiyo nayo hushikiliwa na mpangilio wa atomi.

Upande wa usumaku una hoja nzito: wimbi la jozi za elektroni hubadili alama, chanya au hasi, kufuata mwelekeo, kama wanafizikia Tsuei na Kirtley walivyoonyesha mwaka 1994. Mvuto ulio sawa pande zote hauzai umbo hilo. Nakubali kwamba msukumano wa elektroni, unaozaa usumaku huo, ndio unaolichora. Ila si fononi zote zinazovuta sawasawa. Kuna mtikisiko ambao oksijeni za tabaka za shaba na oksijeni hupanda na kushuka kwa kupishana, nao hulisaidia umbo lilelile.

Mwaka 2021 watafiti wa Stanford walipima minyororo ya shaba na oksijeni, ambamo hesabu ni rahisi kuliko kwenye tabaka. Walikuta elektroni jirani zikivutana kwa nguvu ambayo msukumano peke yake haukuweza kuieleza, na mshukiwa waliyemtaja ni fononi.