Shemeji, Propela na Kopo Zima la Grisi

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina makuu: silinda sita, lita 4.2, dizeli. Lakini ukiibebesha nyumba mgongoni, yenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kitakachoanza kulalamika ni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu hadi kwenye ekseli. Hii ya Mjerumani mmoja mstaafu iliingia gereji hapa Arusha imejaa vumbi. Ukiingiza gia, "ngo!" Ukienda polepole, kitu kinapiga mbinja huko chini.

Dawa ni grisi. Propela ni mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina nipo tatu (vichuchu vya kupitishia grisi): mbili za krosi, yaani viungo vya msalaba kwenye ncha zake, moja ya slaidi, pale propela inaporefuka na kufupika ekseli ikicheza. Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha, na kwenye slaidi yenye molibdenamu ni bora zaidi. Kazi nzima haimalizi hata nusu ya kopo la gramu 400.

Shemeji yangu alikuwa anapita tu kwenda send-off, shati jeupe limenyooka, saa ya dhahabu mkononi (dhahabu kwa maneno yake).

"Shem, wewe endelea na breki. Hii niachie."

Nipo ya krosi ya mbele, upande wa transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), ilikuwa inatazama juu, imejificha. Ungefungua habu za mbele, zile kufuli zinazoshikanisha magurudumu na ekseli, ukaweka transfa kwenye 2H (nguvu nyuma tu), propela ya mbele ingezunguka kwa mkono mpaka nipo itazame chini, uipake umekaa raha. Ya nyuma nayo inazunguka ukiweka giaboksi nyutro na kuinua gurudumu moja, mengine umeyazuia kwa mawe. Shemeji hakuwa na muda wa hayo. Alipenyeza mkono mzima kati ya chesisi na giaboksi, saa ikanasa.

"Fungua mkanda," nikamwambia.

"Mkanda hauna shida, shem. Gari ndiyo ina shida."

Alipojinasua akahamia slaidi ya nyuma, na hapo ndipo niliposikia pampu ya grisi ikienda bila kupumzika. Kumbe anasubiri ishibe. Sasa, inayoshiba ni krosi: unapampu mpaka grisi mpya ichungulie kwenye vikombe vyote vinne vya msalaba, na kikombe kimoja kikinyamaza unatikisa propela huku unapampu tena. Slaidi haishibi. Unapampu kidogo, ukiona propela inaanza kujisukuma irefuke, unaacha. Tena gari liwe limesimama kwa magurudumu yake. Hili lilikuwa juu ya stendi za chesisi, ekseli inaning'inia, propela imerefuka yote. Shemeji akaijaza hivyo hivyo.

Kisha kichwa cha pampu kikagoma kutoka kwenye nipo, kwa sababu presha imebaki ndani ya mpira wa pampu. Hapo unalegeza kidogo nati ya mpira upande wa pampu, presha itoke, halafu unakilaza kichwa pembeni. Shemeji alikuwa anakivuta wima kwa mikono miwili, goti moja chini. Kilipoachia alikaa chini bila kupenda.

"Tayari! Shusha!" akamwambia kijana wa jeki, kabla sijatoka kwenye breki.

Kijana akainua kidogo, akatoa stendi, akashusha. Ekseli ikapanda, propela ikataka kufupika, ikakuta nafasi yote imejaa grisi, na grisi haibonyei. Heri sili ya slaidi, ile inayozuia grisi isitoke, ilikubali kushindwa. Ingekaza, msukumo wote ungekwenda kwenye beringi ya transfa. Shemeji alikuwa amechuchumaa ubavuni, anachungulia kazi yake. Grisi ikatoka kama tambi, ikamwandika kutoka kola mpaka mkanda wa suruali.

Nikafungua nipo ya slaidi, ziada ikatoka, tukalitikisa gari mara kadhaa, nikafunga sili mpya na kurudisha nipo. Nikafuta mabaki yote, maana yakirukia ekzosi yananuka safari nzima.

Mjerumani akaja na miwani yake, akasoma hesabu pole pole.

"Grisi, kopo moja. Lakini umesema haifiki nusu. Nyingine iko wapi?"

Shemeji akageuka taratibu, akamwonyesha shati.

Mzee akalipa kopo zima.