Paka wa Siam Anataka Mtu

Bibi wa nyumba ya pili hapa Makorora alinijia asubuhi moja, akakaa barazani, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, huyu paka wako msomee. Usiku kucha analia kama mtoto mchanga." Nikamjibu, "Bibi, hana kitu. Ananiita mimi." Hakuniamini, na simlaumu. Wiki ya kwanza mimi mwenyewe nilikesha nikidhani ana maumivu.

Jina lake Zumari, kwa sababu ya hiyo sauti. Ni jike wa Siam, mwili rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, uso na masikio kahawia, macho ya buluu. Niliachiwa na binamu yangu alipohamia Mwanza.

Siku hizi hapa Tanga naona watu wanamtafuta paka huyu kwa ajili ya macho yake. Anapigwa picha mbili tatu, kisha mwenye nyumba anafunga mlango, anakwenda kazini mpaka magharibi. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Sisi wa pwani paka tunamjua. Yupo kwa wauza samaki, yupo uani mwa msikiti, na wengi tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini paka wetu wa mtaani ana shughuli zake: anashinda anakojua mwenyewe, jioni anakuja kula. Wa Siam hashindi kokote ila ulipo wewe. Anataka kujua unakuna nazi ya nini, mlangoni amebisha nani, mbona leo umechelewa. Ukimsemesha anajibu, ukimnyamazia anazidisha. Kumpiga kandambili ili anyamaze ni dhulma, maana anachokifanya ni kuzungumza. Akiachwa peke yake siku nzima, kila siku, ananyong'onyea. Wengine hujilamba mpaka manyoya yanatoka.

Kuna kilio kingine, lazima nikiseme. Jike asiyefungwa kizazi huanza kutafuta dume akiwa na miezi michache tu, na hapo mtaa mzima hautalala. Zumari nilimpeleka kwa daktari wa mifugo akafungwa, akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa siku hizo hizo. Usiku ukapoa. Na paka aliyezoea kusema sana akinyamaza ghafla, mpeleke kwa daktari, usingoje.

Sasa rangi, ambayo nimeshabishana nayo na watu wengi. Mgeni mmoja alimtazama Zumari akasema, "Huyu si orijino, weusi wake hafifu." Weusi wa paka wa Siam unaletwa na ubaridi. Mwili wake una kimeng'enya cha kutengeneza rangi ambacho kwenye joto hakifanyi kazi. Kinafanya kazi pale tu penye ubaridi kidogo, yaani masikioni, usoni, miguuni na mkiani. Tumboni mwa mama ni joto tupu, ndiyo maana mtoto anazaliwa karibu mweupe kabisa na rangi inamjia wiki kadhaa baadaye. Basi paka wa Siam aliyekulia kwenye joto la Tanga hutarajii akolee kama mwenzake wa nchi ya baridi. Usimtupe wala usimwite chotara kwa hilo. Zumari aliponyolewa ubavuni kwa ajili ya operesheni, ngozi ilikaa wazi, ikapoa, na manyoya yakaota na doa la kahawia. Nilidhani ni ukurutu! Baada ya miezi lilipotea lenyewe.

Asili yao ni Siam, nchi tuiitayo leo Thailand. Mwaka 1878 balozi mdogo wa Marekani mjini Bangkok alimpelekea mke wa Rais Hayes paka mmoja wa aina hii, na Uingereza walionyeshwa Crystal Palace, jumba la maonyesho la London, mwaka 1885. Wametoka mbali, lakini tumbo lao ni la paka yeyote: linataka nyama na samaki. Ugali uliolowekwa mchuzi si chakula chake, na mchuzi wetu una vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo vinaharibu damu ya paka. Mimi namchemshia vibua bila chumvi, namtolea miba, siku nyingine kuku au maini kidogo. Maziwa ya ng'ombe, hata haya yetu ya Tanga tunayojivunia, paka wengi wakubwa yanawaharisha, mpe maji. Na tafadhali, paka akiwa na homa usimkatie kipande cha parasetamo. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Jirani yangu alimpoteza wake hivyo, kwa huruma tu.

Juzi kijana mmoja wa Ngamiani alikuja kuniuliza atampata wapi wa Siam. Nikamuuliza anaishi na nani. Peke yake, akasema, na kazi yake ni ya zamu bandarini, mara usiku mara mchana. Nikamwambia achukue wawili waliozaliwa pamoja, wapate kuzungumza wao kwa wao, au angoje. Alimshika Zumari mapajani muda mrefu. Amesema atangoja mdogo wake ahamie kwake mwezi wa nane.